Mkono wa kushoto wa Mugwe

Zamani Waimenti wa Meru walikuwa na mtu ambaye mkono wake wa kushoto haukupaswa kuonwa na yeyote. Aliitwa Mugwe. Mkono huo aliufunika kwa vazi lake wakati wote, na iliaminika kwamba atakayeutazama angekufa papo hapo. Adui akija, Mugwe alihitaji kuuinua tu, na jeshi zima lingekwama mahali lilipo. Bernardo Bernardi, mmisionari Mwitaliano wa shirika la Consolata, aliyaandika mapokeo hayo katika kitabu chake kuhusu Mugwe kilichotoka mwaka wa 1959. Mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Rodney Needham akauandikia mkono huo makala nzima.

Aliyekulia kwenye vitabu vya katuni vya Marekani atamtambua mtu huyu bila kuelezwa. Ana nguvu zisizo za kawaida, ana vazi linaloficha siri, na nguvu yake ina sharti. Lakini kwangu utamu wa habari ya Mugwe uko katika mambo yaliyomzunguka. Mugwe hakuwa mtawala. Hukumu, mipaka ya mashamba na faini za mifugo vilikuwa mikononi mwa wazee wa mabaraza. Yeye alibariki, wao waliamua. Needham aliona mpangilio mzima hapo: upande wa kushoto ulikuwa wa baraka na dini, upande wa kulia ulikuwa wa wazee na siasa. Aliyekuwa na nguvu hakutawala, waliotawala hawakuwa na nguvu hizo, na hakuna upande ulioweza kuishi bila mwenzake.

Kuna aina ya vitabu ambavyo kazi yake ni kueleza mpangilio wa namna hii, na Wakenya wengi hawajawahi kuvishika. Ni vitabu vya makundi katika michezo ya mezani ya kuigiza mashujaa. Nadai kwamba mtu anayetaka kuandika kitabu kizuri cha aina hiyo hana haja ya kwenda mbali kuliko miteremko ya mashariki na kusini-mashariki ya Mlima Kenya, kati ya Embu na Meru.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano huketi kuzunguka meza. Mmoja ni msimamizi, ndiye anayesimulia ulimwengu na kuwaigiza wahusika wadogo wote. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, ambaye sifa na udhaifu wake vimeandikwa kwenye karatasi. Mhusika akijaribu jambo gumu, dadu huamua. Hakuna ubao wala kete wala anayetangazwa mshindi, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miezi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka Marekani mwaka wa 1974. Mashujaa wenye nguvu za ajabu walifuata upesi. Champions ulitoka mwaka wa 1981 na ukazoesha watu kununua nguvu kwa alama: kuruka angani alama kadhaa, ngozi isiyopenywa na risasi alama kadhaa. Mwaka wa 1984 ukaja mchezo wa mashujaa wa Marvel uliobuniwa na Jeff Grubb, na mwaka wa 2002 Mutants & Masterminds wa Steve Kenson.

Baada ya kitabu kikuu cha kanuni, wachapishaji hutoa vingine vya kukikamilisha, na kati ya hivyo ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachoeleza kundi moja tu. Kundi lilianzaje? Nani huingia, na kwa gharama gani? Wanachama wanaapa nini? Wanakutana wapi, wanagombana na nani, na ni jambo gani wanachama wapya hawaambiwi? Mchezo wa Aberrant, uliotolewa na kampuni ya White Wolf mwaka wa 1999, ulijengwa juu ya makundi kiasi kwamba mchezaji huulizwa yuko upande gani kabla hajafikiria kurusha dadu. Kundi lake maarufu ni Teragen, nalo lilipata kitabu chake chenyewe. Wafuasi wa Teragen wanaamini kwamba mtu akishapata nguvu za ajabu amekwisha kuwa kiumbe cha aina nyingine, na sheria za wanadamu hazimhusu tena.

Ukiisoma imani hiyo ukiwa na habari za Mugwe kichwani, swali linakuja lenyewe: ni baraza gani lililoketi likakubali? Waandishi wa Teragen walifanya kazi kubwa ya kuwapa wahusika wao falsafa, ila katika michezo mingi ya aina hii kundi ni orodha ya nguvu na orodha ya maadui. Udhibiti kutoka ndani, ule wa faini na kiapo na mzee anayeweza kukufukuza mbele ya rika lako, huwa mistari michache tu.

Na Kenya imo katika hadithi hizi tangu zamani. Mwaka wa 1975, katika toleo lililofufua kundi la X-Men, Len Wein na mchoraji Dave Cockrum walimleta Ororo, yaani Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi. Profesa Xavier, mwanzilishi wa kundi hilo, anamkuta Kenya, ambako watu wanamwabudu kama mungu. Mama yake katika hadithi ni Mkenya. Nampenda Storm, na nafurahi kwamba mmoja wa mashujaa wakubwa kabisa wa katuni duniani ana mizizi kwetu. Hata hivyo tazama alivyozungukwa katika kurasa zile: kuna yeye juu na kuna umati unaoomba mvua chini, basi. Umati huo hauna wazee, hauna koo, hauna mtu anayeweza kusimama akamwambia kwamba mvua ya jana iliharibu shamba la fulani na fidia inatakiwa.

Wakanda ilipewa zaidi. Stan Lee na Jack Kirby waliibuni mwaka wa 1966, na ramani kadhaa za Marvel zimeiweka jirani na Ziwa Turkana. Katika filamu ya mwaka wa 2018 kuna baraza la wazee wa makabila na kuna Wajabari wanaoishi mlimani kwa ukaidi wao. Lakini Wakanda ni ufalme, na kiti chake hupiganiwa kwenye maporomoko ya maji. Meru na Embu hawakuwa na wafalme. Waingereza walipoivamia Embu mwaka wa 1906, na E. B. Horne alipofika Meru mwaka wa 1908 kufungua kituo cha serikali, walitafuta mtu mmoja wa kumpa amri ili awape wengine, na ilibidi wateue machifu. Kwa mwandishi wa mchezo, jamii isiyo na mfalme ni utajiri mtupu, maana kila uamuzi unahitaji watu kukubaliana, na watu wanaotakiwa kukubaliana ndio wanaoleta hadithi.

Nianze na chimbuko, kwa kuwa kila kitabu cha kundi huanzia hapo. Wameru husimulia kwamba walitoka mahali panapoitwa Mbwaa, kando ya maji makubwa, ambako walikuwa chini ya Nguuntune, watu wa nguo nyekundu. Jeffrey Fadiman, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuyachapisha katika kitabu mwaka wa 1993, anaiweka Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Kwa msomaji wa Kiswahili hilo lina uzito wake: hadithi ya mlimani inaanzia pwani. Nguuntune waliwapa watumwa wao majaribu. Lete kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Wakakata ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Lete ndama anayetoa mavi meupe. Wakamlisha maziwa peke yake. Toa tunda lililo ndani ya shimo refu bila kulichoma; wakajaza shimo maji, tunda likaelea. Kisha likaja jaribu la mwisho: tengenezeni mkuki unaogusa mbingu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba hawatakiwi kufaulu, na wakaamua kutoroka usiku.

Aliyewaongoza ni Koomenjue, ambaye aliyapiga maji kwa fimbo yake yakaachana. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakawa Ntune, wekundu. Waliovuka jua likiwa limetoka wakawa Njeru, weupe. Tazama jinsi mapokeo yanavyogawa watu. Kila ukoo ulipata rangi yake kutokana na saa uliyovuka, wala hakuna anayeweza kudai kwamba alivuka peke yake. Nimesoma machimbuko ya makundi mengi ya kubuni, na sijaona lililofungamanisha jina la mtu na safari ya pamoja kwa ufupi kama huu. Pia majaribu yote kabla ya lile la mwisho yalitatuliwa kwa akili, hakuna lililohitaji msuli. Msimamizi wa mchezo anayetaka wachezaji wake waache kupiga watu ngumi kila wanapokwama ana somo zima hapo.

Sasa Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru. Makao yake yako Nchiru, barabara ya kwenda Maua, eneo ambalo leo lina pia Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Chini kabisa kuna mabaraza ya koo, juu yake Njuri Impeere, na kileleni Njuri Ncheke yenyewe. Mtu haingii kwa kuomba. Hutazamwa kwanza tabia yake, hulipa mifugo na chakula cha wazee, na huapa kutotoa nje yanayosemwa ndani. Mwanachama akikosea hutozwa faini kama mtu mwingine yeyote, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Wazee hawa waliamua mashauri ya ardhi, mahari na damu, na walilinda misitu mitakatifu kama Giitune huko Imenti, ambako kukata mti lilikuwa kosa.

Nguvu yao kubwa ni kiapo. Katika kile kinachoitwa nthenge, watu wawili wanaogombania shamba hula kiapo juu ya beberu anayechinjwa, na inaaminika kwamba atakayeapa uongo ataandamwa na mauti, yeye na watu wake. Si jambo la zamani tu. Zipo kesi za ardhi za Igembe na Tigania, huko Meru, ambazo wahusika walikubaliana mahakamani kuumaliza mzozo wao kwa nthenge. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zihimize njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisivunje haki za kimsingi wala zisipingane na haki na maadili.

Hebu fikiria namna ya kuandika hiyo katika kanuni za mchezo. Waandishi wengi wangeipa laana ya nthenge alama na dadu: rusha, ukipata saba adui anaugua. Nadhani ni kosa. Kiapo kinafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zimekikubali na kwa sababu kila mtu kijijini anasubiri kuona. Anayejua ameapa uongo huishi na kila kikohozi cha mtoto wake. Kwa hiyo ningekiandika bila dadu. Msimamizi angeweka karatasi mezani yenye maneno ya kiapo, mchezaji angetia sahihi kwa jina la mhusika wake, na karatasi ingekaa hapo kila kikao, ikionwa na wote. Msimamizi asiseme lolote kuihusu. Mchezaji mwenyewe ndiye angeamua ni lini balaa lililompata mhusika wake limetokana nayo.

Chini ya wazee kuna vijana, na hapo ndipo mchezo unapopata joto. Morani wa Meru waliishi pamoja kwenye gaaru, nyumba ya wapiganaji, wakilala humo, wakila humo na wakipokea amri za vita humo. Marika yao yana majina yanayozunguka na kurudi kizazi baada ya kizazi: Ntangi, Kiruja, Michubu, Ratanya, Lubetaa, Miriti, Guantai, Gichunge. Marika yenyewe yamegawanyika pande mbili, Kiruka na Ntiba, zinazopokezana zamu. Kila kizazi kina kipindi chake, na kinajua nani anakisukuma kutoka chini. Katuni za Marekani zina tatizo la mashujaa wasiozeeka. Batman amekuwa na umri uleule tangu mwaka wa 1939. Katika kitabu ninachokiwaza, mhusika angezeeka. Nguvu zake zingepungua na sauti yake barazani ingeongezeka, na siku moja angelazimika kuiacha gaaru na kukaa na wazee wasiopigana, huku mkuki wake ukiwa bado mkali.

Embu walilifanya hilo kuwa wazi zaidi. Uongozi ulikuwa wa vizazi viwili, Nyangi na Kimanthi, vilivyopokezana kwa sherehe kubwa iliyoitwa nduiko. Baba akiwa Nyangi, mwanawe alikuwa Kimanthi. Hivyo kila nyumba ilikuwa na kambi zote mbili chini ya paa moja, na aliyeshika madaraka alijua kwamba atayakabidhi kwa watoto wake mwenyewe. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere kuyakusanya mapokeo kama haya kutoka kwa wazee, na kitabu chake cha mwaka wa 1973 kinastahili kusomwa na wengi kuliko wanaokisoma leo. Chimbuko la Waembu nalo lina utulivu wake: Mwenendega alimpata mkewe kwenye maporomoko ya Mbui Njeru, karibu na Runyenjes, na kutoka kwao nchi ikajaa watu. Wakanda wanapigana kwenye maporomoko ya maji. Embu walioana hapo.

Kuhusu majina ya siri, ambayo mashujaa wa katuni hupenda kuwa nayo, nitasema machache. Wakati wa vita vya Mau Mau watu wa pande hizi waliingia msituni na majina mapya na vyeo vipya: Musa Mwariama na Baimungi kutoka Meru, Jenerali Kubukubu kutoka Embu. Mwariama alitoka msituni uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963. Majina hayo yana watoto na wajukuu walio hai, na mimi nisingeyatia kwenye mchezo hata kidogo. Yana vitabu vyake vya historia.

Jambo hilo linafungua swali la ruhusa, ambalo ni zito kuliko kanuni zote za dadu. Mwaka wa 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inataka jamii yenye mali hiyo ielezwe mapema na ikubali kabla ya mtu kuitumia kwa biashara, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka daftari la mali hizo. Kitabu cha Nyambe, kilichotolewa Marekani na Atlas Games mwaka wa 2002 kuleta Afrika ya kubuni kwenye michezo ya aina hii, kilitungwa kabla ya sheria hiyo. Kilifanywa kwa heshima, lakini hakuna mzee aliyelazimika kuulizwa. Sisi hatuna kisingizio cha umbali. Njuri ina mambo ambayo wanachama wameapa kutoyasema, na mwandishi mwenye adabu atayaacha hivyo. Mkono wa Mugwe haukupaswa kuonwa. Kitabu kinachoueleza kinaweza kuacha ukurasa wa siri yake ukiwa mtupu, na mchezo usipungukiwe na kitu.

Uwezo wa kuandika na kuchora tunao, na wa kutosha. Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe mwaka wa 1973. Shujaaz ilianza kutolewa bure pamoja na magazeti mwaka wa 2010, na miaka miwili baadaye ikatwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wesley Kirinya wa Kenya na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts mwaka wa 2009, wakatengeneza katuni na michezo ya simu yenye mashujaa wa Kiafrika. Filamu ya Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka wa 2018, inamwonyesha Jo, msichana mgonjwa anayetaka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinakubaliana kumfanya awe hivyo. Naitaja kwa makusudi, kwa sababu imefanya kile ninachokililia hapa. Nguvu za Jo zinatoka kwa majirani.

Pamoja na sifa zote nilizowapa wazee, kitabu cha kundi ambacho kinalisifu kundi lake tu hakifai. Lazima kiwe na ukurasa ambapo kundi lilikosea au lilitumiwa, na Njuri Ncheke ina ukurasa huo.

Serikali ya kikoloni ilikuwa imejifunza kuishi na Njuri. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, aliliinua baraza hilo na kulitambua rasmi. Ni Lambert huyuhuyu ambaye wanafunzi wa lahaja za Kiswahili wanamjua kwa kazi zake kuhusu lahaja za pwani ya kusini. Kutambuliwa kulilipa baraza heshima, na kulilipa pia deni. Aprili 1956, katikati ya hali ya hatari, wanaume wa Njuri walikutana Nchiru na, kwa kuhimizwa na mkuu wa wilaya, wakapiga marufuku ukeketaji wa wasichana kwa kauli moja.

Mimi nauunga mkono uamuzi wa kukomesha ukeketaji, na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2011 inaharamisha tendo hilo kwa haki kabisa. Lakini mwaka ule wa 1956 jambo hilo lilikuwa la wanawake. Lilikuwa na baraza la wanawake na wazee wao wa kike, na hao hawakuulizwa. Wanaume waliketi na mzungu wakaamua kuhusu miili ya mabinti zao na mamlaka ya wake zao. Kilichofuata kimeelezwa na mwanahistoria Lynn Thomas, aliyewahoji wanawake wa Meru waliokuwa wasichana wakati huo. Wasichana waliingia vichakani na kukeketana wenyewe kwa nyembe za dukani. Wakaitwa Ngaitana. Katika miaka mitatu iliyofuata zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa kwa kuivunja amri ya Njuri, mbali na wengine wengi waliotozwa faini vijijini. Kufikia mwaka wa 1959 marufuku ilikuwa imeshindwa.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko yote mengine niliyoyataja. Wasichana wale waliumia, na wengine walipata madhara ya maisha. Hakuna ushujaa wa kuupamba hapo. Hata hivyo walikuwa kundi. Walikuwa na jina, siri na adui aliye wazi, na baraza la juu kabisa Meru halikuweza kuwazuia, kwa sababu lilikuwa limetumia sauti isiyo yake.

Mchezo usiliigize tukio lenyewe. Mwili wa msichana si kitu cha kurushiwa dadu. Ila umbo lake linaweza kuchukuliwa. Ningeandika kisa kimoja cha vikao viwili, nikiweke mwanzoni mwa kitabu ili kila meza ianzie hapo. Katika kikao cha kwanza wachezaji wote ni wazee wa baraza la kubuni mlimani. Afisa wa serikali anakuja na ombi: vijana wa kike wenye nguvu waandikishwe na wakatazwe kuzitumia, kwa usalama wao. Anatoa sababu nzuri, na baadhi yake ni za kweli. Wazee wanajadiliana hadi wapatane, maana kura ya mmoja kuwashinda wengine hairuhusiwi. Uamuzi wao unaandikwa kwa maneno yao wenyewe.

Katika kikao cha pili msimamizi anakusanya karatasi za wazee na kugawa nyingine. Wachezaji ni walewale, lakini sasa kila mmoja anamwigiza mjukuu wa kike wa mzee aliyekuwa naye juma lililopita, na jambo la kwanza linalosomwa mezani ni ule uamuzi.